Simu iko, pesa inafika, lakini koko bado anaanguka: nini inaweza kumlinda mzee nyumbani?

Saa nane za usiku, Kadutu, mjini Bukavu. Umeme umekatika tangu jioni. Koko anaamuka kwenda choo, na choo iko inje, chini ya ngazi tano za udongo. Tochi iko ndani ya simu, lakini simu iko kwa mjukuu aliyelala chumba kingine. Koko anashika ukuta, anashuka ngazi ya kwanza, anashuka ya pili. Ya tatu ina matope ya mvua ya jioni.

Asubuhi habari inapita kwenye kundi la WhatsApp la familia: «Koko alianguka.» Mtoto aliye Kinshasa anauliza ni hospitali gani. Mwengine aliye Kampala anauliza inaombwa franga ngapi. Kisha saa mbili pesa imekwisha kufika kwa simu. Kila mmoja amefanya haraka, na kila kitu kimetumika vizuri: mtandao, ujumbe, pesa. Ila vyote vimekuja wakati mfupa umekwisha vunjika.

Hakuna haja ya kutaja jina la familia. Wakaaji wengi wa Bukavu, Goma, Uvira, Butembo ao Bunia wanaijua hadithi hii kutoka kwao nyumbani, ao kwa jirani. Na inaleta ulizo moja: kama simu ina nguvu ya kutoa pesa Kampala mpaka Kadutu kwa dakika chache, juu ya nini haina nguvu ya kumzuia koko asianguke?

Jibu ni kwamba nguvu hiyo inayo. Lakini haitumiki upande ule. Simu katika familia zetu imekuwa chombo cha kutangaza ajali na kulipia ajali. Bado haijawa chombo cha kuizuia.

Ajali isiyotajwa kwenye habari

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kuanguka ni sababu ya pili ya vifo vya ajali dunia nzima, nyuma ya ajali za barabarani. Watu wapata 684 000 wanakufa kila mwaka juu ya kuanguka. Zaidi ya 80 kwa mia ya vifo hivyo ni katika inchi zenye mapato madogo na ya katikati, maana yake inchi kama yetu. Na wanaokufa zaidi ni watu wa miaka kupita 60.

Hata hivyo, ajali ya moto inatangazwa, mtumbwi ukizama ziwani unatangazwa, mzee akianguka nyumbani watu wanasema tu: «Ni uzee, tufanye nini?» Neno hilo linafunga mazungumzo. Linafanya ajali ionekane kama mvua, kitu kinachokuja chenyewe. Lakini waganga na watafiti wa inchi nyingi wanakubaliana leo kwamba sehemu kubwa ya maanguko ya wazee ina sababu zinazoonekana, na sababu inayoonekana inaweza kuondolewa.

Na mzigo haubaki kwa mzee peke yake. Mfupa wa paja ukivunjika karibu na nyonga, kuko motari ao gari la kumpeleka, kuko picha ya mifupa, kuko kitanda, mara kuko operesheni. Kuko pia mtu wa kukaa karibu na mgonjwa siku na usiku. Mara nyingi mtu huyo ni msichana wa nyumba, na masomo yake ndiyo yanasimama. Mzee anayerudi nyumbani bila kutembea tena anaweza kubadilisha maisha ya watu watano.

Kengele inalia kisha ajali

Ukiuliza vijana teknolojia gani inalinda wazee, wengi watakuonyesha saa ya mkono. Wana haki, saa hiyo iko. Tangu 2018 kampuni ya Apple inauza saa inayotambua kama mwenye kuivaa ameanguka kwa nguvu. Inatetemeka, inalia, na kama mtu habonyezi kitu wala hasogei kwa muda wa dakika moja hivi, inapiga yenyewe simu kwa huduma za dharura. Ulaya na Marekani kuko pia vifungo vya kuvaa shingoni, na vyombo vya kubandika ukutani vinavyosikiliza kama mtu ameanguka chini.

Tuweke saa hiyo kwenye mkono wa koko wa Kadutu. Itachajiwa wapi, umeme ukikosa siku mbili? Na ikipiga simu, itampigia nani? Saa ile ilitengenezwa kwa mji wenye namba ya dharura inayojibu na gari la wagonjwa linalofika mlangoni. Kwetu, kwenye vilima ambako hata pikipiki inasimama chini na mgonjwa anabebwa mgongoni, anayefika wa kwanza ni jirani. Saa haimjui jirani.

Tena, hata pale kengele ziko, mambo si rahisi. Mwaka 2008 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na watu 110 wenye miaka kupita 90. Waliwafuata mwaka mzima ili kujua nani ameanguka na nini ilitokea. Wengi wa wazee hao walikuwa na kengele ya kuomba msaada. Lakini kati ya wale walioanguka na kulala chini muda mrefu bila kuweza kuinuka, wengi hawakuitumia. Walikuwa nayo, na walibaki chini.

Wazee wetu wanaweza kueleza sababu bila kufika Uingereza. Mtu anaona haya. Hataki kuamusha watu. Anafikiri ataweza kuinuka mwenyewe. Ao chombo kimebaki juu ya meza. Chombo kinauzwa dukani, lakini mazoea ya kukitumia hayauzwi, na mtu wa kujibu hauzwi pia.

Na juu ya yote, kengele inaita msaada kisha mtu kuanguka. Haimzuii asianguke. Ni vizuri kuwa nayo, kwa sababu mzee anayelala saa nyingi kwenye baridi anaweza kupata madhara makubwa kuliko yale ya kuanguka kwenyewe. Lakini hiyo si kuzuia.

Kitu kilichofaulu Sydney

Basi nini inazuia? Mwaka 2021 gazeti la utafiti wa uganga BMJ lilitoa matokeo ya kazi moja ya Australia. Watafiti wa mji wa Sydney walichukua watu 503 wenye miaka 70 na zaidi, wanaoishi kwao nyumbani. Wote walipewa mafundisho ya afya. Nusu yao walipewa pia programu inayoitwa StandingTall ndani ya tableti, ile simu pana. Programu ilikuwa inawaonyesha mazoezi ya kusimama imara: kusimama mguu mmoja mbele ya mwengine, kupanda na kushuka kitu kifupi. Walipaswa kufikisha saa mbili kwa juma, na mazoezi yalikuwa yanaongezwa ugumu kidogo kidogo.

Kisha mwaka wa kwanza, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa wazi. Kisha miaka miwili, kundi la tableti lilikuwa limeanguka mara chache zaidi, pungufu ya 16 kwa mia. Maanguko yenye kuleta jeraha yalipungua kwa 20 kwa mia.

Hapo kuko somo mbili. La kwanza: chombo hakikufanya uchawi wowote. Kilichofanya kazi ni miguu ya wazee. Tableti ilikuwa mwalimu tu, anayekuja kila juma bila kuchoka. Somo la pili: faida ilikuja pole pole. Mwenye kutafuta matokeo ya mwezi mmoja angeacha njiani.

Matokeo haya hayako peke yake. Watafiti wa Cochrane, wanaokusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja, walionyesha mwaka 2019 kwamba mazoezi yanapunguza maanguko ya wazee wanaoishi nyumbani kwa 23 kwa mia hivi. Mwaka 2023 walionyesha tena kwamba kuondoa vitu vya hatari ndani ya nyumba, sawa na ngazi mbaya, giza ao mahali pa kuteleza, kunapunguza maanguko kwa 26 kwa mia. Na kwa wazee walio katika hatari zaidi, kama wale waliokwisha anguka, upungufu unafika 38 kwa mia.

Kwa hiyo mambo mawili yanayozuia yanajulikana: miguu yenye nguvu na nyumba isiyo na mitego. Teknolojia inafaa pale inaposaidia moja ya hayo mawili. Na kwa kazi hiyo, simu iliyoko tayari nyumbani inaweza kuanza.

Video ya dakika moja, usiku

Tuanze na nyumba. Familia nyingi za mashariki zimetawanyika. Kulikuwa wale waliofuata masomo, biashara ao machimbo. Kisha vita vikaongeza wengine, zaidi tangu Januari na Februari 2025, wakati mapigano yalipofika Goma na Bukavu. Watu wa nguvu wameondoka, na mara nyingi mzee ndiye aliyebaki kuchunga nyumba. Mtoto anayetuma pesa ya matumizi hajaona tangu miaka mitatu ngazi ambayo mama yake anashuka kila usiku.

Simu inaweza kumwonyesha. Njia ni rahisi: usiku, kwa mwangaza ule ule ambao mzee anatumia, mjukuu achukue video ya dakika moja kutoka kitanda mpaka choo. Asisafishe mbele ya kuchukua. Video iende kwa kundi la familia. Wakiangalia pamoja wataona mambo ambayo mchana hayaonekani: bido ya mayi iliyowekwa njiani, kizingiti cha mlango kilichoinuka, waya wa chaji unaopita chini, mkeka uliokunjika pembeni, kambambili zilizoisha chini na zinazoteleza.

Bukavu wataona ngazi za udongo. Goma wataona mawe. Mtaa uliofunikwa na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 una uwanja wa mawe makali, na kati ya nyumba ya mbao na choo hakuna hatua mbili zinazolingana. Kijana anaruka bila kufikiri. Mzee mwenye ukungu wa macho anakanyaga hewa.

Video ile ina faida kuliko maongezi, kwa sababu wazee wengi hawalalamiki. Ukimwuliza kwa simu «Koko, uko sawa?», atajibu «Niko sawa, Mungu anasaidia.» Ngazi yake haijui heshima hiyo. Itaonekana jinsi ilivyo.

Franga zifike mbele ya ajali

Kisha video, kuko pesa. Familia inayoweza kukusanya franga kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money siku ya ajali, inaweza kukusanya sehemu ndogo ya franga hizo miezi sita mbele. Goma, benki zilipofunga milango kisha Januari 2025, simu ndiyo ilibeba sehemu kubwa ya pesa ya familia. Watu wamekwisha zoea. Kinachokosekana ni kutuma kwa kusudi.

Pesa ya kutumwa bila neno inaingia kwenye chakula, na hakuna wa kulaumu, njaa haingoji. Lakini pesa yenye jina lake inaweza kufuatiliwa: hii ni ya taa ya sola juu ya mlango wa choo, hii ni ya mbao ya kushikilia kwenye ngazi, hii ni ya fundi wa kusawazisha mawe, hii ni ya viatu vinavyofunga nyuma ya kisigino. Kisha kazi, picha inarudi kwenye kundi. Aliyetuma anaona, aliyepokea anaheshimika.

Hesabu ya bei inabadilika mji kwa mji. Lakini hakuna mji wa Kivu wala Ituri ambako mbao ya kushikilia na kamba imara vinakaribia bei ya kutengeneza nyonga iliyovunjika. Na pale hata pesa ya taa haipatikani, kuko kazi isiyoomba franga: kuhamisha kitanda karibu na mlango, kuondoa bido njiani, kumwekea koko chombo cha haja ndogo chumbani kwa usiku, kumwaga majivu ao mchanga kwenye matope ya ngazi.

Simu ya vifungo inatosha kuanza

Wengi wanafikiri bila simu ya androidi hakuna kitu. Si kweli. Simu ndogo ya vifungo inashika moto siku nyingi, ina tochi, na mzee anaijua. Ina mambo manne ya kupanga.

La kwanza: simu ilale na mzee, si na mjukuu. Iwe na kamba ya shingoni ao mfuko wa kitambaa kwenye kitanda, pale mkono unafika bila kuinuka. Tochi yake ndiyo kinga ya kwanza, na haiombi mtandao.

La pili: namba tatu tu ziwekwe kwenye vifungo, ili kubonyeza kimoja kwa muda kupige moja kwa moja. Ya kwanza iwe ya jirani wa mlango, si ya mtoto aliye Ulaya. Mtoto aliye Ulaya anaweza kulia, hawezi kuinua mtu.

La tatu: bipu ya usiku iwe na maana moja tu. Familia na jirani wapatane kwamba bipu ya koko kisha saa tatu za usiku ni kusema «njooni». Hakuna haja ya kujieleza, hakuna haya. Ila simu isiyo na inite hata kidogo haiwezi kubipu, kwa hiyo inite za koko zisiazimwe.

La nne: saa ya salamu. Kila asubuhi, saa moja inayojulikana, mtu mmoja anapiga. Mzee asipojibu mara mbili, jirani anatumwa kumwona. Hiyo inafanya kazi ya saa ya Apple kwa bei ya dakika moja, na inampa mzee sauti ya mtu wake mwanzoni mwa siku.

Juu ya saa ya salamu kuko jambo moja ambalo familia hazifikirii: simu yenyewe inaangusha wazee. Inalia chumbani, koko iko jikoni, anakimbia asikose sauti ya mtoto, anajikwaa. Mwenye kupiga aache ilie muda mrefu, kisha apige tena. Na aambie kila mara: «Usikimbie, nitarudia.»

Sauti inayofundisha miguu

Kunabaki miguu, na hapo ndipo Sydney inaweza kutufundisha zaidi. Tableti haiko, lakini sauti iko. Mzee asiyesoma na asiyeona vizuri anaweza kusikiliza. Audio ya dakika tano kwenye WhatsApp, ikichezwa na mjukuu, ao mafundisho ya kupita kwenye redio ya mtaa saa ile ile kila siku, yanaweza kubeba mazoezi manne ao matano. Na yanaweza kusemwa kwa kiswahili, kimashi, kirega, kinande, kinyarwanda ao kihema, lugha ambazo programu nyingi za dukani hazizijui.

Mazoezi yenyewe si ya ajabu. Kuinuka kwenye kiti imara bila kusukuma kwa mikono, na kukaa tena pole pole, mara kumi. Kusimama karibu na meza, mkono ukishika, mguu mmoja mbele ya mwengine sawa na mtu anayepita juu ya mti. Kuinuka kwa vidole vya miguu. Kutembea upande upande kwa kufuata ukuta. Mtu asiyefanya peke yake awe na wa kumsimamia karibu. Anayesikia maumivu ya kifua ao kizunguzungu asimame na aende kituo cha afya.

Ni nani wa kutengeneza audio hizo? Ujuzi uko hapa hapa. Vituo kama Heri Kwetu mjini Bukavu na Shirika la Umoja mjini Goma vina miaka mingi ya kusaidia watu kurudisha nguvu ya mwili. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mama anayejua kusema vizuri kwa lugha ya kijiji wanaweza kufanya kazi hiyo kwa siku moja ya kurekodi.

Lakini haki ni kusema wazi: kilichopimwa Sydney ni tableti, si audio ya WhatsApp. Kwa hiyo kazi kama hiyo ikianza kwetu, ianze na kuhesabu. Katika kartiye moja, wazee wangapi walianguka mbele, na wangapi kisha mwaka. Bila hesabu, itakuwa mradi mwengine wa picha na tisheti.

Audio inaweza pia kukumbusha mambo madogo ya mwili. Mzee anayekunywa dawa za presha akiinuka kwa haraka anaweza kupata giza machoni. Akae kwanza pembeni ya kitanda, ahesabu mpaka thelathini, kisha asimame. Anayekunywa dawa nyingi ao kusikia usingizi mchana aulize muganga, asiache dawa mwenyewe. Na kasiksi ya jioni ikikutana na ngazi ya udongo, hazisikilizani.

Nani aandike jina la mzee aliyeanguka?

Familia haiwezi kubeba yote. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinasema watu wenye umri mkubwa na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa njia maalum, kufuatana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya roho. Ni maneno mazuri. Ulizo ni yanafikaje Kadutu ao Birere.

Serikali imeonyesha kwamba ikitaka, inaweza kuchagua kundi la watu na kusema «hawa watasaidiwa»: ilifanya hivyo mwaka 2023 kwa kuanzisha mpango wa kujifungua bila malipo, ukianzia Kinshasa. Mama na mtoto walistahili. Lakini mama huyo huyo atazeeka. Na wazee wengi wa mashariki walilima, waliuza sokoni, walibeba mizigo. Hawana pansheni ya kuwalipia hospitali.

Kazi ya kwanza haiombi pesa nyingi. Wareko, wale watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kwa chanjo na kwa kipindupindu, wanaweza kuongeza maulizo matatu wanapokuta mzee: Ulianguka mwaka huu? Unasikia kuyumba ukisimama ao ukitembea? Unaogopa kuanguka? Ni maulizo yale yale ambayo waganga wa inchi tajiri wanatumia. Anayejibu ndiyo kwa moja apewe nafasi ya kupimwa miguu, macho na presha.

Takwimu za zone za afya zinaingizwa leo kwenye programu ya kompyuta iitwayo DHIS2. Wakaaji wana haki ya kuwauliza wakubwa wa zone yao: mzee aliyeanguka anaandikwa kwenye mstari gani? Kisichoandikwa hakipewi franga, na kisichopewa franga kinabaki «uzee tu».

Na kuko ngazi ambayo kila mtu anaijua: shefu wa avenyu na nyumba kumi. Wao wanajua mzee gani analala peke yake. Kijana mmoja mwenye simu kwa kila avenyu, mwenye orodha ya wazee hao na namba za jirani zao, ni huduma ya dharura ambayo mtaa unaweza kuanzisha bila kungoja Kinshasa.

Mzee aulizwe kwanza

Orodha hiyo hiyo inaweza kuwa hatari. Jina la mzee anayeishi peke yake, na namba ya simu inayopokea pesa kutoka inje, ni habari ambayo mwizi anaitafuta. Orodha ibaki kwa watu wawili wanaojulikana, isizungushwe kwenye makundi. Koko asitoe namba yake ya siri kwa yeyote, hata kwa anayejiita mtu wa kampuni ya simu.

Video ya nyumba pia ni siri ya nyumba. Iishie kwa watoto. Na kamera ya kumwangalia mzee chumbani, hata kama mtoto wa Ulaya anaweza kuinunua, isiwekwe bila mwenyewe kukubali. Mzee anayechungwa kama mfungwa ataacha kutembea, na anayeacha kutembea anapoteza miguu. Hapo kinga inageuka kuwa sababu.

Ndiyo maana kazi inapaswa kuanza na maongezi, si na chombo. Mzee aulizwe wapi anaogopa kukanyaga. Mara nyingi anajua kabisa. Anajua ngazi ile ya tatu. Amekwisha iruka mara mia mbili kwa kushika ukuta, bila kumwambia mtu, juu anaona watoto wana shida zao.

Mtoto wa Kinshasa na yule wa Kampala watatuma pesa, hilo halina shaka. Wakituma mwezi huu, mvua mbele ya kuongezeka, itanunua mbao, taa na mifuko miwili ya mchanga kwa ngazi ya tatu. Wakingoja ujumbe wa «Koko alianguka», itakuwa ya hospitali.